Vumilia Si Dawa

Jumapili mbili kila mwezi barabara kubwa za Kigali hufungwa asubuhi, magari huzuiwa, na mji hutoka kufanya mazoezi. Sisi tunaokaa Remera tunaijua vizuri asubuhi hiyo. Watu wa Kisimenti na Giporoso wanatoka na raba miguuni, vijana wanapita mbio kwa makundi huku wakiimba, na upande wa Uwanja wa Amahoro kuna mtu mwenye kipaza sauti anayehesabu: moja, mbili, tatu, ruka! Utaratibu huu ulianza mwaka 2016. Ninaupenda, na nisingependa msomaji adhani kwamba naupinga.

Mwaka jana nilimbembeleza mama mdogo, ambaye ninaishi kwake tangu nianze chuo, twende wote. Alikataa mara tatu, mara ya nne akakubali. Tulitembea vizuri, tukanyoosha mikono, tukacheka. Kisha yule wa kipaza sauti akasema turuke. Mama mdogo aliruka mara mbili, tatu, akasimama. Akavua kitenge alichokuwa amejitanda mabegani, akakifunga kiunoni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Turudi nyumbani." Nilidhani ameteguka mguu. Tulipofika langoni ndipo aliposema, "Mwanangu, mimi siruki. Tangu nimzae huyu wa mwisho, nikiruka najikojolea. Hata nikikohoa."

Huyu wa mwisho anasoma darasa la nne. Nilipiga hesabu nikapata miaka tisa. Kwa miaka tisa mwanamke huyu amepanga maisha yake kwa kuangalia choo kiko wapi. Aliacha kwaya kwa sababu kuimba kwa kusimama saa nzima kulimshinda. Akipanda basi kwenda Rwamagana kumwona bibi, hanywi maji tangu jana yake. Na si kwamba hakuwahi kusema. Alikwenda kituo kimoja cha afya, akaeleza, na muuguzi akamjibu, "Umezaa watoto wanne, mama. Ihangane."

Wasomaji wasiojua Kinyarwanda wataelewa neno hilo nikilitafsiri kuwa "vumilia" au "pole". Ni neno zuri penye msiba. Lakini likitolewa mahali pa matibabu kwa ugonjwa unaotibika, linageuka kuwa mlango uliofungwa. Makala hii naiandika kugombana na neno hilo, na kugombana na watu wa aina nne wanaolisaidia kuishi, wengi wao bila kujua.

Hoja yangu ni hii. Mwanamke ambaye misuli yake ya nyonga imelegea, imejeruhiwa au imekakamaa ana haki ya kutibiwa, na tiba tunayoiweza hapa kwetu ni fiziotherapia na yoga zikifanywa kazi moja. Mtaalamu wa fiziotherapia apime na aelekeze. Mkeka wa yoga umfanye mama arudie kila siku, akiwa na wenzake, mpaka mwili ujifunze. Zikitengana, ya kwanza haimfikii mama na ya pili haimjui.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini, maana hapa ndipo aibu hujificha. Chini ya fupanyonga, kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, kuna misuli iliyotandazwa kama jamvi. Jamvi hilo limebeba kibofu, kizazi na utumbo wa mwisho. Ndilo linalofunga njia ya mkojo tunapocheka au kuinua ndoo. Mimba hulielemea kwa miezi tisa, na kuzaa hulinyoosha, wakati mwingine hulichana. Likilegea, mkojo huvuja au kizazi hushuka. Kuna pia wanawake ambao jamvi lao limekaza kupita kiasi, nao hupata maumivu ya nyonga, maumivu katika tendo la ndoa, hata shida ya kukojoa. Ni misuli kama ya mkono au paja: inaweza kuumia, na inaweza kufundishwa.

Hayo si habari mpya. Mwaka 1948 daktari wa Marekani, Arnold Kegel, alichapisha kazi yake juu ya kuiimarisha misuli hiyo kwa mazoezi, na mazoezi hayo yanaitwa kwa jina lake hadi leo. Mwaka 2018 mapitio ya Cochrane, ambayo hukusanya majaribio ya kitabibu na kuyapima kwa pamoja, yalieleza kwamba kati ya wanawake wanaovuja wanapokohoa au kuruka, waliofanya mazoezi hayo walisema wamepona kwa kiasi cha 56 katika 100. Wale ambao hawakuyafanya walikuwa 6 katika 100. Ugonjwa wenye tofauti kubwa namna hiyo kati ya kutibiwa na kutotibiwa, kwetu tunauagua kwa neno "ihangane". Na ukitoka kituo cha afya ukafika nyumbani, wanawake wakubwa wanakuongezea jingine: niko zubakwa, yaani nyumba hujengwa hivyo. Nyumba gani inajengwa kwa mwanamke kuogopa kucheka?

Kundi la kwanza ninalogombana nalo ni la wanaosema nchi ina mambo makubwa zaidi. Nawaheshimu, kwa sababu wanasema wakiwa na hesabu mkononi. Mwaka 2000 akina mama zaidi ya 1,000 walikufa kwa uzazi kwa kila vizazi hai 100,000 nchini Rwanda. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2019 hadi 2020 ulikuta wamepungua hadi 203, na kwamba watoto 93 katika 100 wanazaliwa katika vituo vya afya na hospitali. Ni kazi kubwa iliyofanywa na wakunga, wauguzi, washauri wa afya wa vijijini na bima ya mituweli. Sitaki kuidharau hata kidogo.

Lakini mafanikio hayo ndiyo yanayonipa hoja. Akina mama wamekuja hospitalini. Wamezaa mbele ya wataalamu. Wamebaki hai. Sasa mwanamke aliye hai tunamwambia nini? Tumemwokoa ili akae miaka tisa bila kwaya? Ufaransa, nchi ambayo mtindo wake wa tiba wengi wa wazee wetu waliusoma, mama akishazaa anaweza kuandikiwa vipindi 10 vya kuirudisha misuli ya nyonga, na bima ya afya inavilipia. Sisi si matajiri kama Ufaransa, nakubali. Ila mazoezi ya aina hii hayahitaji mashine. Yanahitaji mtu anayejua, sakafu safi na muda. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na upasuaji wa kurudisha kizazi kilichoshuka ni ukuta wa gharama.

Kundi la pili ni la wauza yoga. Katika mji wetu yoga imepata sura fulani: chumba chenye madirisha makubwa, mishumaa, muziki wa maji yanayotiririka, na mwalimu anayeahidi kwamba mkao fulani utasafisha ini, utaondoa huzuni na kurudisha nyonga ya usichana. Wanaolipa ni wageni na wachache wetu wenye nafasi. Mwalimu hajui nani kati ya wanafunzi wake alichanika akizaa, nani kizazi chake kimeshuka, nani nyonga yake imekaza tayari na haihitaji kukazwa tena. Anawaambia wote wakaze. Anawaambia wote wafyonze tumbo na kupuliza pumzi kwa kishindo, zoezi ambalo huongeza shinikizo tumboni na linaweza kumwelemea zaidi mama ambaye viungo vyake vinashuka.

Kwa wauza yoga nasema: ushahidi wenu ni mdogo kuliko matangazo yenu. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2019 kuhusu yoga na kuvuja mkojo yalipata majaribio mawili tu, yenye wanawake 49 kwa jumla, na yakasema hayatoshi kuamua. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa zaidi la Marekani: wanawake 240 wenye umri wa miaka 45 na zaidi, wiki 12. Nusu walifundishwa yoga iliyochaguliwa kwa ajili ya nyonga, nusu wakafanya mazoezi ya kawaida ya kunyoosha na kuimarisha mwili. Kuvuja kulipungua kwa zaidi ya nusu katika makundi yote mawili, na tofauti kati yao ilikuwa ndogo mno kuweza kusema yoga imeshinda.

Mpinzani wa yoga atafurahi akisoma hapo. Asifurahi haraka. Jaribio hilo halikuonyesha uchawi wa yoga, lakini linatuonyesha kitu cha maana kwa watu wasio na pesa nyingi: wanawake waliopewa mpango, mwalimu na wenzao, wakarudi wiki baada ya wiki, walipata nafuu. Kurudi ndiko kugumu. Na hapa ndipo ninapowageukia watu wa kundi la tatu, ambao ni karibu zaidi na sisi wasomi.

Kundi la tatu ni la wanafiziotherapia wanaocheka wakisikia neno yoga. Nina rafiki anayesoma fani hiyo, na ni yeye aliyenifundisha mengi ya haya, lakini hata yeye mwanzoni alinicheka. "Hiyo ni mitindo ya wazungu waliokwenda India," aliniambia. "Sisi tuna sayansi." Kweli mna sayansi. Ila sayansi hiyo iko wapi? Kwa kawaida iko hospitali ya wilaya na hospitali kubwa, kwenye chumba ambamo foleni imejaa waliovunjika miguu kwenye ajali za pikipiki, wagonjwa wa kiharusi na vijana wa mpira wenye magoti mabovu. Watu hao wote wanastahili tiba. Lakini mwanamke mwenye shida ya nyonga hajui hata kwamba foleni hiyo ni yake pia. Wazee wanaiita "kine" kwa kufuata Kifaransa, na ukimwambia mama wa Remera aende "kine", atakuuliza ni mfupa gani umevunjika.

Na akifika, akapimwa, akaelekezwa, anapewa karatasi: kaza kwa sekunde kadhaa, legeza, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku, miezi mitatu. Anakwenda nayo nyumbani. Nyumbani kuna watoto wanne, jiko la mkaa na genge la matunda. Karatasi inakaa juu ya kabati. Nani kati yetu, tunaojiita wasomi, amewahi kufuata ratiba ya peke yake kwa miezi mitatu? Tunashindwa hata kurudia ngeli bila kuogopa mtihani.

Hapo ndipo mkeka unapofanya kazi ambayo karatasi haiwezi. Darasa la yoga lina saa yake, lina watu wanaouliza jana ulikuwa wapi, na lina mpangilio unaoshikika kichwani. Tena lina kitu kinachoelewana kabisa na fiziotherapia: pumzi. Tukivuta pumzi, kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo, hushuka, na jamvi la nyonga hushuka nalo kidogo. Tukitoa pumzi, vyote hupanda. Mtaalamu anapomwambia mama "kaza unapotoa pumzi, kisha inua mtoto", anasema kitu ambacho mwalimu wa yoga hukifundisha saa nzima kwa njia nyingine. Baadhi ya wanawake wakiambiwa "kaza" kwa maneno matupu husukuma chini badala ya kuvuta juu, na hudhani wanafanya sawa. Wengine wanahitaji kwanza kujifunza kulegeza, nao hufaidika na mkao wa kulala chali magoti yamefunguka, au wa kupiga magoti na kuinama mpaka paji la uso liguse mkeka, pumzi ikishuka taratibu. Nani akaze na nani alegeze, hilo mkeka hauwezi kujua. Mtaalamu ndiye anayejua baada ya kupima. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na isisemwe kwamba haya ni ndoto ya mwanafunzi wa lugha. Vuka mpaka tu. Goma, ambako watu huzungumza Kiswahili kuliko sisi wa Kigali, hospitali ya HEAL Africa iliingiza fiziotherapia ya nyonga katika huduma ya wanawake wenye fistula, kabla na baada ya upasuaji, wahudumu wa pale pale wakifundishwa kuifanya. Taarifa ya majaribio hayo ilichapishwa katika jarida la kimataifa la uzazi mwaka 2014. Fistula ni tundu linalobaki kati ya kibofu na uke, mara nyingi baada ya uchungu wa siku nyingi, na huko Kongo ya mashariki hata baada ya ukatili wa vita. Daktari huliziba tundu. Lakini baadhi ya wanawake huendelea kuvuja hata tundu likishazibwa, kwa sababu misuli imeumia. Kama mwanamke aliyepitia hayo katikati ya vita anaweza kufundishwa kuitambua na kuitumia tena misuli yake, kwa nini mama wa Remera, mwendo mfupi tu kutoka hospitali, aambiwe avumilie?

Na yoga nayo si mali ya wenye mishumaa peke yao. Mwaka 2007 Deirdre Summerbell alianzisha Project Air, mradi ulioleta yoga hapa Kigali kwa wanawake wanaoishi na VVU, wengi wao wakiwa manusura wa ubakaji wa wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Mwaka huo huo, Nairobi, Africa Yoga Project ilianza kuwafundisha vijana wa mitaa ya kawaida kuwa walimu wa yoga. Kwa hiyo mikeka imeshatandikwa mbele ya wanawake maskini wa kwetu. Tulichokosa ni kuikutanisha na chumba cha vipimo.

Kundi la nne ndilo gumu kwangu, kwa kuwa ni watu wa kanisani kwetu. Mama mdogo alipoanza kwenda kwenye mazoezi, mzee mmoja wa kanisa alimwita kando akamwambia yoga ni kuabudu miungu mingine. Sitamjibu kwa dharau. Ni kweli yoga ilizaliwa ndani ya dini na falsafa za India, na mtu ana haki ya kuchunga imani yake. Mama mdogo alimjibu vizuri kuliko ninavyoweza mimi: "Mzee, mimi nalala chali, navuta pumzi, nainua kiuno. Hakuna jina ninalolitaja ila la Yesu ninapoumia." Zoezi linaweza kufundishwa bila wimbo wala sala ya mtu yeyote, na darasa la akina mama wa Kinyarwanda lifundishwe hivyo. Kama jina ndilo linalowaudhi, liitwe mazoezi ya mkekani. Nitalitetea zoezi, sitalipigania jina.

Ila kwa wanaosema kwamba kufundisha nyonga ya mwanamke ni ugeni usio na heshima, nina jibu linalotoka darasani kwetu. Sisi tunaosoma fasihi simulizi ya Waswahili tumejifunza habari za unyago na makungwi. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, lakini kwao alikuwa pia mjuzi wa unyago. Huko msichana alifundishwa na wanawake wakubwa, kwa ngoma, namna ya kukitawala kiuno chake. Na hapa Rwanda, shangazi ndiye aliyekuwa na kazi ya kumfundisha binti mambo ya mwili. Unaweza kuyakosoa mengi yaliyofundishwa huko, hata mimi ninayakosoa, hasa yale yaliyomfundisha mwanamke kwa ajili ya kumridhisha mwanamume tu. Lakini usiniambie kwamba bibi zetu hawakujua kwamba nyonga inafundishika.

Tazama pia neno "mkaja". Ni kitambaa ambacho mwanamke wa pwani hufungwa tumboni baada ya kuzaa, na katika mila za harusi, mkaja hutajwa miongoni mwa vitu anavyopewa mama wa bibi harusi. Maana yake ni nini? Ni kwamba jamii iliweka katika mahari kumbukumbu ya tumbo lililoumia. Binti anapoolewa, mama yake analipwa kwa sababu mwili wake ulibeba. Mkaja hushika tumbo tu, haufundishi misuli, na siuleti hapa kama tiba. Nauleta kama ushahidi kwamba lugha hii ninayoisoma iliwahi kuuona mwili wa mama baada ya kuzaa, ikaupa jina na malipo. Sisi tuliokwenda shule ndio tuliorudisha kimya.

Hapa ndipo wahadhiri wangu na wanafunzi wenzangu mnapoingia. Rafiki yangu wa fiziotherapia alipotaka kumweleza mama mdogo tatizo lake, alikwama. Maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa ya Kiingereza. Kwa Kinyarwanda alianza kusema "hasi", yaani chini, akaona haya. Kwa Kiswahili aligeuka kunitazama mimi, msomi wa Kiswahili wa mwaka wa tatu, na mimi nikakosa neno. Nilijua fupanyonga ni mfupa. Misuli yake sikuwahi kuisikia ikitajwa darasani, katika kitabu, wala redioni. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini mwetu mwaka 2017. Tunajivunia, tunaandika tasnifu juu yake. Lakini lugha rasmi isiyoweza kumweleza mama kwa nini mkojo unamvuja ni rasmi kwa ajili ya nani? Mimi nimetumia "jamvi la nyonga". Wengine watapenda "sakafu ya nyonga". Tubishane, tuchague, kisha tuandike vipeperushi vinavyosomeka Remera na Goma pia. Mficha maradhi kifo humuumbua, husema wahenga, na mahali pa kwanza pa kufichia maradhi ni kukosa jina la kuyataja.

Sasa tufanye nini? Sipendi makala zinazolalamika zikaondoka. Natoa mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji jengo jipya.

Kwanza, swali. Mtoto nchini hupelekwa kuchanjwa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mama ndiye anayemleta. Katika ziara hizo tatu anayepimwa uzito ni mtoto. Mama aulizwe swali moja tu: je, unavuja, unahisi kitu kinashuka, au unaumia? Swali hilo halina gharama, na litawapata wengi mapema, kabla miaka tisa haijapita.

Pili, siku ya fiziotherapia. Mtaalamu wa hospitali ya wilaya afike kituo cha afya angalau siku moja kwa mwezi kuwapima waliojibu ndiyo. Wale wanaohitaji upasuaji au dawa watajulikana hapo, wasipotezewe muda mkekani.

Tatu, mkeka. Walimu wa yoga wanaotaka kufundisha akina mama wafundishwe kwanza na wanafiziotherapia, na wasimpokee mama ambaye hajapimwa. Kumbi tunazo: za makanisa, za shule, za ofisi za kijiji. Washauri wa afya wanaojua kila nyumba wawe ndio wanaouliza, "Mbona Jumanne hukuja?"

Nne, yule wa kipaza sauti. Kaka yangu, Jumapili ijayo ukisema ruka, sema pia kwamba asiyetaka kuruka ainue visigino, au achuchumae taratibu na kutoa pumzi. Katika Jumapili hizo watu hupimwa shinikizo la damu na sukari bure. Pale pale panaweza kuwekwa meza moja ya akina mama.

Mama mdogo alipimwa hatimaye, rafiki yangu akimsindikiza. Akakutwa na misuli iliyolegea na kizazi kilichoanza kushuka kidogo. Akapewa maelekezo, na kwa miezi minne sasa anakwenda kwenye darasa dogo la wanawake saba, uani kwa jirani, mara mbili kwa wiki. Mwalimu wao wa yoga alikubali kukaa na mtaalamu na kuondoa mikao isiyowafaa. Hajapona kabisa. Basi la Rwamagana bado linamtia wasiwasi, na kuruka hajajaribu tena. Lakini amerudi kwaya. Jumapili iliyopita aliimba nyimbo tatu akiwa amesimama, na alipokohoa kati ya wimbo wa pili na wa tatu, mimi niliyekuwa nikimtazama kutoka benchi la nyuma ndiye niliyeshtuka. Yeye aliendelea kuimba.

Yule muuguzi aliyemwambia avumilie simlaumu peke yake, kwa sababu alisema alichofundishwa. Lakini sisi tunaosoma leo, wa lugha na wa tiba, tukihitimu tukasema neno lile lile kwa mama mwingine, hatutakuwa na kisingizio.